Kuchagua Jukwaa la Tovuti kwa Biashara Yako

Fedha ya karafuu haikai shambani siku zote. Aghalabu jamaa mmoja hubaki na miti Kizimbani au Dole, na mwengine huteremka pwani kufungua nyumba ya wageni, au duka la viungo, au kununua chombo cha kutembeza watu baharini. Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa chetu, ni nchi ya maweni ambayo mkarafuu hauipendi, lakini biashara za namna hii zimejaa huko. Wenye kuziendesha hutuuliza mara kwa mara swali moja: tukitaka kuwa na tovuti ya biashara yetu, tuijenge juu ya jukwaa gani?

Tumeona yafaa kulijibu swali hili kwa urefu, kwa sababu wengi hudhani ni jambo la mafundi peke yao. Sivyo. Ni jambo la mali, na mwenye mali ndiye atakayepata khasara lisipoangaliwa vizuri.

TOVUTI NA JUKWAA NI VITU VIWILI

Tovuti ni zile kurasa anazoziona mgeni akifungua simu yake akiwa Milan au Warsaw: picha za vyumba, bei, njia ya kufika, na mahala pa kuandikia. Jukwaa ni programu au huduma inayozishikilia kurasa hizo, ikakuwezesha kuzibadilisha bila ya kumwita fundi kila siku. Chini ya jukwaa kuna seva, nayo ni kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana. Na juu ya mlango kuna jina, ambalo ndilo anwani ya tovuti.

Mkulima wa karafuu hapati tabu kulifahamu jambo hili. Unguja na Pemba watu wamezoea tangu zamani kwamba ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na miti iliyo juu yake ikawa ya mwengine. Mwenye miti huchuma na huuza, na hata hurithisha. Lakini asiyeuliza mapema ardhi ni ya nani, na kwa masharti gani, siku moja hujikuta katika kesi. Tovuti ni hivyo hivyo. Maneno yako, picha zako na majina ya wateja wako ni miti. Jukwaa ni ardhi. Basi swali la kwanza si ardhi ipi inapendeza macho, bali ni hili: siku nikitaka kuondoka, nitaondoka na nini?

KWA NINI MTU AJISUMBUE

Wako watakaosema: wageni wanakuja kwa mawakala wakubwa wa mtandaoni, tovuti ya nini? Tuifanye hesabu. Mawakala hao, kama Booking.com, hukata sehemu ya bei ya chumba, na kwa kawaida sehemu hiyo ni kama asilimia 15, pengine zaidi. Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba 6 ambayo chumba kimoja ni shilingi 120,000 kwa usiku. Kila usiku uliopatikana kwa wakala hutoka shilingi 18,000. Kama katika mwaka siku za vyumba zilizouzwa kwa njia hiyo ni 200, fedha iliyokwenda kwa wakala ni shilingi 3,600,000.

Hatusemi wakala aachwe. Wakala huleta mgeni ambaye hajapata kukusikia, na kazi hiyo ina ujira wake. Lakini mgeni aliyelala kwako mwaka jana na anataka kurudi, au aliyepewa jina lako na rafiki yake, huyo hana haja ya kupitia kwa mtu wa kati. Anachotaka ni kukuona ulipo. Katika mfano wetu, wageni wa siku 50 tu katika zile 200 wakija kwa mlango wako mwenyewe, umebakisha shilingi 900,000. Hiyo ndiyo fedha ya kulinganisha na gharama ya tovuti.

ANZA NA JINA

Kabla ya jukwaa, jina. Jina la tovuti ndilo hati ya kiwanja. Ukilimiliki, waweza kubomoa nyumba na kujenga nyengine, na wageni wakaja vilevile. Usipolimiliki, nyumba ikibomoka wageni nao wamepotea.

Majina ya nchi yetu huishia na .tz, na hupatikana kwa mawakala wa usajili walioruhusiwa chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Biashara ya kawaida hutumia .co.tz, na nyumba za wageni zina lao khasa, nalo ni .hotel.tz. Wengine hupenda .com kwa kuwa inajulikana duniani kote. Yoyote yafaa. Ada yake kwa mwaka aghalabu haifiki bei ya chumba kimoja kwa usiku mmoja katika mfano wetu wa juu.

Lakini sikilizeni vyema hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi huanguka. Jina lisajiliwe kwa jina la biashara yenu au la mwenye biashara, na kwa barua pepe ya mwenye biashara. Lisisajiliwe kwa jina la fundi, wala la mpwa anayejua kompyuta, wala la mgeni aliyejitolea kusaidia. Hatumtuhumu mtu yeyote kwa wizi. Fundi huenda akahamia Dar es Salaam, mpwa akaenda Muscat kutafuta kazi, mgeni akarudi kwao. Notisi ya kulipa ada itamfikia yeye, naye hataiona. Jina likiisha muda halafu likachukuliwa na mtu mwengine, kulirejesha ni kazi kubwa na pengine haiwezekani.

NAMNA NNE ZA MAJUKWAA

Majukwaa ni mengi kuliko yanayoweza kutajwa katika jarida hili, lakini yote huingia katika namna nne.

Namna ya kwanza ni kukaa barazani kwa mtu. Hizi ni kurasa za Facebook, Instagram na WhatsApp ya biashara, pamoja na lile tangazo la Google linaloonyesha duka lako kwenye ramani. Yote haya yaweza kufunguliwa bure, nayo yana faida kubwa. Nahodha mwenye chombo kimoja, au mama anayepika chakula cha wageni nyumbani kwake, huenda asihitaji zaidi ya haya kwa mwaka wa kwanza. Tangazo la Google khasa halifai kuachwa na mtu yeyote, maana mgeni aliyesimama kando ya mnara wa Nungwi akitafuta pa kula huangalia ramani kwanza.

Lakini baraza si yako. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja duniani kote kwa muda wa kama saa 6, kwa kuwa zote ni za kampuni moja. Biashara zilizokuwa na milango hiyo mitatu tu zilijiona hazina mlango hata mmoja. Tena mwenye baraza hubadilisha masharti apendavyo: leo wafuasi wako wote wanaona khabari zako, kesho wanaona wachache mpaka ulipie tangazo.

Namna ya pili ni nyumba ya kupanga iliyokwisha pambwa. Wix, iliyoanzishwa 2006, na Squarespace ni za namna hii, na kwa maduka kuna Shopify, iliyoanzishwa 2006 nchini Canada. Hapa unalipa kila mwezi au kila mwaka, nao wanakupa kila kitu: seva, mapambo, ulinzi, na mahala pa kuandika. Mtu asiye fundi aweza kupata tovuti nzuri kwa siku mbili au tatu. Programu zikihitaji kurekebishwa, wanarekebisha wao.

Kodi ya nyumba hizi hulipwa kwa dola, na mara nyingi huwa baina ya dola 15 na 40 kwa mwezi kwa biashara ndogo. Tuseme ni dola 25: kwa miaka mitatu ni dola 900. Jambo la pili ni zito zaidi. Nyumba hii haihamishiki. Tovuti iliyojengwa ndani ya Wix haiwezi kuchukuliwa nzima ikapelekwa kwenye seva nyengine. Utaondoka na maneno na picha ulizozinakili mwenyewe, na nyumba utaijenga upya. Kwa kurasa tano hilo si msiba. Kwa duka lenye bidhaa 200, ni kazi ya wiki nyingi.

Namna ya tatu ni kujenga kwa programu huria juu ya seva uliyopanga. Inayojulikana zaidi ni WordPress, iliyotolewa 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ambayo leo inaendesha zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani. Programu yenyewe ni bure. Unachokilipia ni nafasi ya seva, na ujira wa fundi kama unamhitaji. Kwa duka kuna nyongeza yake iitwayo WooCommerce, iliyotoka 2011. Faida yake kubwa ni kwamba mafundi wanaoijua ni wengi, Unguja na kwengineko, na tovuti nzima yaweza kufungwa kama mzigo ikapelekwa kwenye seva nyengine siku hiyo hiyo.

Ubaya wake ni kwamba yataka kuangaliwa. WordPress na programu zake za nyongeza hutolewa matoleo mapya mara kwa mara ili kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huingilia. Asiyeyaweka matoleo hayo ni kama mwenye mashua asiyepiga kalafati: leo yaelea, kesho yaingia maji. Wengi hubandika nyongeza 30 pasipo haja, halafu tovuti ikawa nzito na kila mwezi kikaharibika kitu. Nyongeza chache, zinazojulikana, zinazorekebishwa na wenyewe, zatosha.

Namna ya nne ni kurasa zilizoandikwa kwa mkono, bila ya jukwaa kubwa. Fundi huandika kurasa chache kwa lugha ya HTML, ile ile iliyoanza na Tim Berners-Lee alipofungua mtandao wa kurasa mwaka 1991. Kurasa za namna hii ni nyepesi, hufunguka upesi hata mtandao ukiwa dhaifu, na hazina mengi ya kuharibika. Kwa nyumba ya wageni ambayo bei zake hubadilika mara mbili kwa mwaka, hili ni chaguo zuri kuliko wengi wanavyodhani. Kizuizi ni kimoja: kila badiliko lataka mtu anayejua kuandika lugha hiyo. Kama mtu huyo ni mmoja tu, na hapatikani, bei ya mwaka jana itabaki pale.

JINA LA KISWAHILI NA SOMO LAKE

Kuna khabari moja ambayo wasomaji wetu wataifurahia, na ndani yake mna somo lenyewe tunalotaka kulifikisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni moja ya Australia iitwayo Miro ilikuwa na programu ya kujengea tovuti iliyoitwa Mambo. Programu hiyo ilitolewa kwa leseni huria, na wataalamu wa nchi mbalimbali waliifanyia kazi. Mwaka 2005 ulizuka ugomvi juu ya nani awe na mamlaka juu yake, na mwezi wa Agosti mwaka huo waandishi wake wakuu waliondoka wote pamoja. Hawakuondoka mikono mitupu. Kwa kuwa leseni iliruhusu, walichukua nakala ya programu, wakaiendeleza kwa jina jipya, na Septemba 2005 wakatoa toleo la kwanza. Jina hilo ni Joomla, nalo limetokana na neno letu la Kiswahili, jumla, kwa maana ya wote pamoja.

Wenye tovuti zilizojengwa kwa Mambo hawakupoteza mali yao. Waliotaka walihamia Joomla na kurasa zao, na Joomla ipo mpaka leo, ilhali Mambo ilififia. Lau leseni ingekuwa imefungwa, ugomvi wa watu wachache ungewaangusha maelfu ambao hawakuujua.

Sasa tazama upande wa pili. GeoCities ilianza 1994, ikawapa watu nafasi ya bure ya kujenga kurasa zao, na watu mamilioni wakajenga. Yahoo iliinunua 1999. Mwezi wa Oktoba 2009 ikafungwa, na aliyekuwa hajachukua nakala ya kurasa zake hakukuta kitu. Ardhi ilikuwa ya mwenyewe, naye aliamua kuifunga.

Hata programu huria si pepo. Mwezi wa Septemba 2024 uliingia mgogoro baina ya wakuu wa WordPress na kampuni ya seva iitwayo WP Engine, na tovuti zilizopangiwa kwa kampuni hiyo zikazuiwa kwa muda kupokea matoleo mapya kwa njia ya kawaida. Lakini angalia tofauti: tovuti hizo hazikutoweka, na mwenyewe akipenda aliweza kuchukua mzigo wake akaenda kwa mwenye seva mwengine. Mlango wa kutokea ulikuwapo. Mlango huo ndio tunaowataka wanachama wautafute kabla ya kuingia.

SEVA IKAE WAPI, NA NAKALA IKAE WAPI

Wengine huuliza kama seva yaweza kuwekwa hapa hapa dukani, ili kupunguza gharama. Tunawakumbusha mwaka 2008, umeme ulipokatika Unguja kwa muda wa karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Tovuti iliyokaa juu ya kompyuta ya dukani ingezimika miezi mitatu, katikati ya msimu. Seva ipangwe kwa watu wenye kazi hiyo, wenye umeme wa akiba. Na kwa kuwa wageni wengi wa Nungwi wanatoka Ulaya, si vibaya ikiwa huko, karibu na wanaoifungua. Mwezi wa Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilipopata hitilafu upande wa kusini mwa Afrika, intaneti ilikuwa dhaifu sana kwetu, lakini tovuti zilizokaa Ulaya ziliendelea kufunguka kwa wageni wa huko.

Pahala pamoja pasibebe kila kitu, hata hivyo. Tarehe 10 Machi 2021 jumba la seva la kampuni ya OVH liliungua moto katika mji wa Strasbourg, Ufaransa, na tovuti mamilioni zikazimika. Waliokuwa na nakala kwengine walirudi hewani. Waliokuwa na nakala ndani ya jumba lile lile waliipoteza pamoja na asili yake. Wazee wetu walilijua somo hili kwa njia nyengine: tufani ya mwaka 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na biashara ya karafuu ilisalimika kwa kuwa Pemba ilikuwa na miti yake. Basi mara moja kwa mwezi chukua nakala ya tovuti, uiweke katika diski nyumbani, mbali na seva.

PICHA NA UZITO WAKE

Jukwaa lolote utakalochagua, uzito wa picha waweza kuliharibu. Simu za siku hizi hupiga picha ya megabaiti 4 au zaidi. Weka picha 10 za namna hiyo katika ukurasa mmoja, na mgeni mwenye mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde atangoja dakika mbili na nusu na zaidi. Hatangoja, atakwenda kwa jirani yako. Picha hizo hizo zikipunguzwa mpaka kilobaiti 200 kila moja, atangoja sekunde 8 tu, na macho hayataona tofauti. Muulize fundi wako kama jukwaa lake hupunguza picha lenyewe. Kama halipunguzi, zipunguzwe kabla ya kuwekwa.

KUPOKEA FEDHA

Hapa ndipo penye mtego kwa wenye maduka. Jukwaa laweza kuwa zuri kwa kila hali, lakini njia yake ya kupokea malipo ikawa haifiki kwetu. Njia ya malipo ya Shopify yenyewe, kwa mfano, hutumika katika baadhi ya nchi tu, na asiyeitumia hutakiwa kutafuta njia nyengine na kulipa sehemu ya ziada kwa kila mauzo. Kwa hiyo enenda kwanza kwa benki yako, ama The People's Bank of Zanzibar ama nyengine, uulize ni njia zipi za malipo ya kadi zinazoingiza fedha katika akaunti yako. Ziko kampuni zinazofanya kazi hiyo Afrika Mashariki, kama Pesapal iliyoanzia Kenya. Ukishajua njia yako ya malipo, ndipo uchague jukwaa linalokubaliana nayo. Kinyume chake ni kununua kufuli kabla ya kuona mlango.

Na nyumba ya wageni ndogo haina lazima ya kupokea kadi mtandaoni siku ya kwanza. Fomu ya maulizo, majibu ya haraka, na malipo mgeni akifika, vimewatosha wengi.

Neno moja kwa wakulima khasa. Karafuu kavu si bidhaa ya kuwekwa ovyo katika duka la mtandaoni. Ununuzi wake una sheria, na tangu 1968 liko Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC, kwa kazi hiyo. Mwenye nia ya kutia pakti za karafuu, au mafuta ya makonyo, katika tovuti yake afike kwanza ofisi ya Shirika kuuliza yanayoruhusiwa na karatasi zinazohitajika.

BASI TUCHAGUE LIPI?

Fundi wa vyombo wa Nungwi akiletewa kazi, haulizi rangi. Huuliza chombo kitachukua nini, kitakwenda wapi, na nani atakiendesha. Ngalawa haijengwi kwa kazi ya jahazi, wala jahazi haijengwi kwa mtu mmoja mwenye nyavu mbili. Nasi twashauri hivi.

Mwenye kazi ya mtu mmoja, kama nahodha, mpishi au mtembezaji wa wageni, aanze na tangazo la Google na WhatsApp ya biashara, na anunue jina lake mapema, alielekeze kwenye ukurasa mmoja mwepesi.

Mwenye nyumba ya vyumba 4 mpaka 12 ajiulize: yuko mtu wa kuiangalia tovuti nusu saa kila wiki? Akiwapo, WordPress yenye nyongeza chache ndiyo tunayoipendelea. Asipokuwapo, ni heri nyumba ya kupanga iliyokwisha pambwa, akijua kodi yake na akijua kwamba haihamishiki, kuliko WordPress iliyoachwa ikaingia maji.

Mwenye duka la viungo aanze na malipo na posta, halafu achague baina ya WooCommerce na Shopify. Bidhaa zikiwa chini ya 10, hana haja ya lolote katika hayo mawili. Ukurasa wenye picha, bei na nambari ya WhatsApp utamtosha mpaka aone maagizo yanakuja.

Mwenye hoteli kubwa aajiri fundi kwa mkataba wa maandishi, na mkataba useme wazi kwamba tovuti, nakala zake na funguo zote ni mali ya hoteli.

DAFTARI LA TOVUTI

Mali bila daftari huisha bila khabari. Mwanachama yeyote mwenye tovuti tunamtaka awe na daftari moja, likae pamoja na hati za nyumba, na ndani yake yaandikwe haya:

1. Jina la tovuti, limesajiliwa kwa nani, kwa wakala gani, na tarehe ya kulipa ada.
2. Barua pepe iliyotumika, na nywila yake.
3. Seva imepangwa kwa kampuni gani, na nywila ya kuingilia.
4. Nywila ya mkuu wa tovuti, si ya mwandishi wa kawaida.
5. Nakala ya mwisho ilichukuliwa lini, na imewekwa wapi.
6. Stakabadhi na mkataba wa fundi.

Fundi mwaminifu hatakasirika akiombwa mambo haya. Atafurahi, kwa sababu siku akiwa mgonjwa hataamshwa usiku. Akikataa kukupa nywila ya mkuu, au akikwambia hutaelewa, shukuru kwamba umejua kabla ya kulipa.

Na mambo matatu aulizwe kabla ya kazi kuanza. Kwanza: nikitaka kuhamia kwa fundi mwengine, utanipa nini na kwa muda gani? Pili: nani atakuwa akiweka matoleo mapya, na kwa ujira gani kwa mwaka? Tatu: nionyeshe tovuti uliyoijenga miaka mitatu iliyopita ambayo ingali hai. Jibu la swali hili la tatu lina uzito kuliko picha nzuri zote atakazokuonyesha. Kujenga si kazi ngumu. Kudumu ndiyo kazi.

Wakati mzuri wa kushughulika na haya ni masika, baina ya Machi na Mei, wakati wageni ni wachache Nungwi na huku mashambani majamvi yamekunjwa. Mwenye tovuti aifungue leo kwa simu ya mtu mwengine, atazame inavyoonekana, kisha atafute lile daftari. Akikuta halipo, ajue kazi yake ya kwanza ni hiyo. Asiye na tovuti aende akasajili jina, kwa jina lake mwenyewe, hata kabla ya kujua jukwaa. Hayo mengine yote yaweza kubadilishwa.